Fremu ya Baiskeli ya Kujengwa Nyumbani: Kupima, Kukata na Kulehemu

Mtu mrefu anayekwenda dukani kununua baiskeli katika miji yetu mingi hukuta fremu za kimo kimoja au viwili tu, naye huambiwa apandishe nguzo ya kiti hadi alama ya mwisho, asogeze kiti nyuma, kisha azoee. Mimi nilizoea kwa miaka sita, mpaka magoti na mgongo vilipokataa. Fremu yangu ya kwanza niliijenga kwa sababu hiyo, nyuma ya nyumba, juu ya meza ya mbao, na tangu hapo nimejenga nyingine tatu kwa ajili ya ndugu na marafiki. Mimi si fundi wa kazi. Ninamwandikia mtu aliye kama mimi, ambaye ana jiliwa, tupa nzuri na subira, na ambaye yuko tayari kujifunza kutumia gesi mbele ya mtu anayeijua kabla ya kuitumia peke yake.

Nitaeleza fremu ya aina moja tu: fremu ya chuma, ya safari na shughuli za kila siku, yenye nafasi ya madigadi na keria, ambayo mabomba yake yanaungana moja kwa moja bila soketi (vipande vya chuma vinavyovalishwa mabomba penye kiungo) na kushikwa kwa shaba ya njano. Jambo moja naomba msomaji alishike tangu sasa: uimara wa fremu huamuliwa kwenye tupa, kabla moto haujawashwa. Shaba hushika kwa nguvu kubwa pale chuma kinapogusana na chuma, lakini ikipewa kazi ya kuziba pengo hushindwa, hata kama kiungo kinapendeza kwa macho.

Kulehemu si kuchomelea

Watu wengi huchanganya kazi hizi mbili. Anayechomelea huyeyusha vyuma vyenyewe mpaka vichanganyike, na chuma huhitaji joto la karibu nyuzi 1,500 za Selsiasi ili kiyeyuke. Anayelehemu huviacha vyuma vikiwa vigumu, akavipasha moto mpaka viwe vyekundu, kisha akaingiza kati yake metali nyingine inayoyeyuka mapema zaidi. Fimbo za shaba ya njano, ambazo mafundi huziita brasi, huyeyuka karibu na nyuzi 880 au 900. Lehemu ya fedha yenye asilimia 56 ya fedha huyeyuka karibu na nyuzi 650, nayo hupenya vizuri mno kwenye soketi zenye nafasi finyu, ila ni ghali na haifai kujenga bonde nene, yaani metali inayojaza kona kwa ulaini, kuzunguka kiungo kisicho na soketi.

Kwa anayejifunza, shaba ya njano ina faida nyingine isiyosemwa mara kwa mara, nayo ni kwamba inasamehe. Bomba la fremu lina ukuta wa milimita 0.9 au chini ya hapo, na mashine ya umeme ya vijiti iliyozoeleka kwa mageti na madirisha hulitoboa kabla mkono haujatulia. Kwa shaba, ukiona umekosea, unapasha tena, unarekebisha, unaendelea. Angalizo ni moja: kiungo kilichokwisha kulehemiwa kwa fedha kisirudiwe kwa shaba, kwa sababu joto la shaba huichafua fedha iliyomo na kukiharibu kiungo chote.

Chuma cha kutumia

Mabomba yanayotajwa zaidi na wajenzi ni ya chuma aina ya 4130, yaani kromoli, chenye takriban asilimia 1 ya kromiamu, 0.2 ya molibdenamu na 0.3 ya kaboni. Yapo mabomba yenye unene uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, na yapo yaliyo manene kwenye ncha na membamba katikati, kwa mfano milimita 0.8 kwenye ncha na 0.5 katikati. Wazo hilo la ncha nene ni la zamani: Reynolds wa Birmingham, Uingereza, walipata hataza yake mwaka 1897, na bomba lao maarufu la 531 lilitoka mwaka 1935. Columbus wa Milano ndio jina jingine kubwa katika mabomba haya. Hapa kwetu hayauzwi dukani. Huagizwa, au huletwa na msafiri, na kwa kuwa ni mepesi hayasumbui kwenye mzigo.

Kwa fremu ya kwanza ninapendekeza kromoli ya unene mmoja wa milimita 0.9. Uzito unaoongezeka ni mdogo, nawe huna haja ya kuhangaika kujua ncha nene inaishia wapi unapokata. Vipenyo nilivyotumia ni milimita 28.6 kwa bomba la juu na bomba la kiti, milimita 31.8 kwa bomba la chini, na shingo, yaani bomba fupi la mbele linaloshika foko, ya kipenyo cha nje cha milimita 36 hivi, yenye nafasi ya ndani ya karibu milimita 34 ili ipokee vikombe vya foko yenye mti (bomba lake linaloingia ndani ya shingo) wa milimita 28.6. Piga hesabu ya nguzo ya kiti mapema. Bomba la 28.6 lenye ukuta wa 0.9 huacha nafasi ya 26.8, na si 27.2 ambayo ndiyo nguzo inayopatikana kwa urahisi. Nguzo za 26.8 zipo, lakini ni afadhali kuitafuta yako kwanza kuliko kuigundua tofauti hiyo fremu ikiwa imekwisha.

Kwa mazoezi, mabomba ya samani yanatosha. Nenda kwa wauza vyuma chakavu, au katika mitaa ya mafundi kama Gerezani jijini Dar es Salaam au Kamukunji jijini Nairobi, ununue vipande vya mita moja moja. Fremu kuukuu za chuma nazo ni hazina, kwani ndani yake kuna kasha la ekseli ya pedeli na vishika ekseli vya nyuma ambavyo vinaweza kutumika tena. Kagua hesi za kasha hilo kwa makini. Kasha la kawaida la Kiingereza lina upana wa milimita 68, na upande wa cheni hesi yake ni ya kinyume, inayokaza kuelekea kushoto.

Usitumie kamwe bomba la maji lililopakwa zinki, wala kipande chenye kromu inayong'aa, kabla ya kuondoa tabaka hilo lote. Moshi mweupe wa zinki huleta homa na kifua kubana usiku uleule, na mafusho ya kromu ni sumu.

Mwili kwanza, mchoro baadaye

Simama ukutani bila viatu, weka kitabu kigumu au rula pana katikati ya miguu, uibane juu kama kiti kinavyobana, na umwombe mtu apime kutoka sakafuni. Urefu huo ukiuzidisha kwa 0.883 utapata kadirio zuri la umbali kutoka katikati ya kasha la pedeli hadi juu ya kiti. Mimi nina sentimita 88, kwa hiyo kiti changu kiko sentimita 77.7 juu ya kasha, na bomba la kiti nililikata kwa sentimita 58. Urefu wa kwenda mbele, yaani kutoka kiti hadi usukani, hauna kanuni ninayoiamini. Azima baiskeli inayokukaa vizuri kuliko nyingine, ipime, kisha andika kinachokuudhi na ukirekebishe kwa sentimita moja au mbili.

Kabla ya kuchora, kusanya vitu vitakavyofungwa: magurudumu, tairi, foko, mikono ya pedeli, nguzo ya kiti. Foko inunue. Najua wapo wanaotaka kujenga kila kitu wenyewe, lakini kiungo cha foko kikikatika mpandaji hutua kwa uso bila onyo, na hiyo si kazi ya mwaka wa kwanza.

Chora kwa ukubwa halisi juu ya ubao wa plaiwudi uliopakwa rangi nyeupe. Anza na mstari mlalo unaopita katikati ya ekseli mbili. Kwa gurudumu la 622, yaani lenye rimu ya milimita 622 mahali tairi inapokaa, na tairi ya milimita 35, nusu kipenyo ni karibu milimita 346. Wajenzi wengi wa baiskeli za barabara ya lami hushusha kasha la pedeli milimita 70 chini ya mstari huo. Mimi hulishusha 60, kwa sababu njia zetu za changarawe zina matuta na makorongo: kasha hukaa milimita 286 kutoka chini, na ukiondoa mkono wa pedeli wa 170 unabakiwa na 116 chini ya ekseli ya pedeli. Kutoka kwenye kasha hadi ekseli ya nyuma weka milimita 440, ili visigino visigonge mizigo ya keria. Bomba la kiti liinamishe kwa pembe ya nyuzi 73, shingo kwa 72.

Pembe ya shingo na mkunjo wa foko, yaani umbali wa ekseli ya mbele kutoka mstari wa shingo, ndivyo vinavyoamua jinsi baiskeli inavyojiongoza. Mstari wa shingo ukiurefusha hadi ardhini hugusa mbele ya mahali tairi inapokanyaga, na umbali kati ya nukta hizo mbili ndio unaoifanya baiskeli ijinyooshe yenyewe. Zidisha nusu kipenyo cha gurudumu kwa kosaini ya pembe ya shingo, toa mkunjo wa foko, kisha gawanya kwa saini ya pembe hiyohiyo. Kwa gurudumu la 346, pembe 72 na mkunjo wa 50, hesabu ni 106.9 kutoa 50, gawanya kwa 0.951, nayo hutoa milimita 60 hivi. Kati ya 55 na 65 baiskeli ya safari hutulia. Ukiwa na foko yenye mkunjo mwingine, rudia hesabu kabla ya kupenda mchoro wako.

Pima pia umbali kutoka kasha la pedeli hadi ekseli ya mbele. Mkono wa pedeli una 170, kiatu hutokeza mbele ya ekseli ya pedeli kwa karibu 110, na gurudumu lina 346. Jumla ni 626. Chini ya hapo ncha ya kiatu inaweza kugusa tairi unapokata kona ya polepole, na madigadi huongeza hatari hiyo. Mimi huweka 640.

Midomo ya mabomba

Hapa ndipo muda uende. Bomba linalokutana na bomba jingine haliwi na ncha ya mraba, bali hukatwa mdomo unaolikumbatia lenzake. Mdomo huo una masikio mawili marefu ubavuni na mabonde mawili juu na chini.

Jizoeze na mabomba mawili ya 28.6 yanayokutana kwa pembe mraba. Mzingo wa bomba ni karibu milimita 90. Kata kipande cha karatasi chenye urefu huo, kigawe sehemu 12 za milimita 7.5, na kutoka kwenye ukingo ulionyooka pima kina cha kukata katika kila alama: 0 penye sikio, kisha 7.2, kisha 12.4, kisha 14.3 penye bonde, halafu urudi 12.4, 7.2 na 0, na nusu ya pili ifanane na ya kwanza. Unganisha alama kwa mkono uliotulia, kata kwa mkasi, izungushie bomba na ubandike. Chora mstari kwa msumari uliochongwa. Kwa pembe nyingine na vipenyo tofauti, zipo programu za bure kwenye kompyuta zinazochapisha karatasi hiyo, lakini anayefanya mazoezi haya mawili matatu kwa mkono huielewa karatasi anayoichapa baadaye.

Toa chuma kingi kwa msumeno, ukiacha milimita moja au mbili kabla ya mstari. Kisha shika tupa ya nusu duara yenye mgongo unaokaribia upinde wa bomba linalokumbatiwa. Usilibane bomba jembamba kwa meno ya jiliwa. Tengeneza vipande viwili vya mbao vyenye tundu la kipenyo cha bomba, uvipasue katikati, na ubane kwa hivyo. Sukuma tupa kwenda mbele tu, uiinue unaporudi, na kila baada ya misukumo kumi jaribu mdomo kwenye bomba lenzake mbele ya taa. Mwanga ukipita, bado. Paka bomba la pili wino wa kalamu ya alama, lisugue kidogo ndani ya mdomo, na utaona madoa pale palipogusa. Hapo ndipo pa kupunguza. Masikio yakifikia wembamba wa wembe yapunguze kwa nusu milimita, kwa kuwa ncha nyembamba hivyo huungua kabla kiungo hakijashika joto.

Kiungo kimoja kilinichukua saa mbili mwanzoni, na sasa kinachukua dakika arobaini. Katika fremu yangu ya kwanza, mdomo wa bomba la chini penye shingo uliniachia pengo la milimita moja upande wa chini. Jua lilikuwa linazama, mwenye mitungi alikuwa anasubiri, nami nikalijaza pengo kwa shaba. Liling'aa kuliko viungo vyote. Baada ya miezi minane ya barabara ya changarawe nilikuwa naosha baiskeli nikaona uzi mwembamba wa kutu umepenya rangi mahali palepale, na nilipokwangua nikakuta ufa wa urefu wa kucha. Kiungo kile hubeba mshtuko wa kila shimo. Niliikata fremu ile kwa msumeno, na bomba lile la chini ninalo hadi leo juu ya meza ya kazi.

Angalia pia mwelekeo: mdomo wa upande mmoja na wa upande wa pili lazima ulingane, la sivyo shingo itapinduka ukilinganisha na bomba la kiti. Piga mstari mmoja mwembamba urefu wote wa bomba, kwa kulilaza ndani ya chuma cha pembe na kutumia ukingo wake kama rula, na karatasi zote mbili zianzie kwenye mstari huo.

Moto

Gesi ninayoijua ni oksijeni na asetilini. Mitungi isimame wima na ifungwe kwa mnyororo, vali za kuzuia moto usirudi ziwepo kwenye mipira yote miwili, mafuta au grisi yasiguse kamwe viungo vya oksijeni, na asetilini isizidi mgandamizo wa baa 1. Mitambo ya kienyeji ya kutengeneza asetilini kwa kabidi, ingawa hutumika sana, siishauri kwa mtu anayejifunza peke yake. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA nchini Tanzania hufundisha uchomeleaji, na siku chache kando ya mwalimu zina thamani kuliko kitabu kizima. Fanyia kazi mahali penye hewa inayopita lakini pasipo upepo wa moja kwa moja, ukivaa miwani ya gesi.

Safisha chuma kwa msasa mpaka king'ae, sentimita mbili au tatu kila upande wa kiungo, nje na ndani, kisha kifute kwa asetoni na usikiguse tena kwa vidole. Paka fluksi ya shaba, yaani dawa inayokinga chuma na hewa kinapopashwa moto, kama uji mzito. Kila bomba litakalofungwa pande zote mbili liwe na tundu la kupumulia la milimita 3, lililotobolewa mahali litakapofichwa na bomba jingine, kwani hewa na mvuke vikikosa njia hutokea kwenye shaba ya maji na kuacha vitundu, na bomba lililozibwa kabisa linaweza kupasuka.

Washa ulimi wa moto ulio sawa, usio na oksijeni ya ziada. Pasha eneo pana kwanza, ukizungusha tochi bila kusimama, na elekeza joto zaidi kwenye kipande kinene. Kasha la pedeli linahitaji mara kadhaa ya joto linalohitajiwa na bomba. Fluksi itachemka, itakauka nyeupe, kisha itayeyuka na kung'aa kama kioo kilicholowa. Chuma kikifikia wekundu wa kaa linalopulizwa, gusa kwa fimbo. Chuma ndicho kiyeyushe shaba. Ukilazimika kuielekezea fimbo ulimi wa moto ndipo idondoke, chuma bado ni baridi, na tone litakaa juu kama ushanga bila kushika. Chuma kikiwa tayari, shaba hutambaa ghafla na kulowesha uso, ikiufuata moto popote unapoenda.

Fanya mizunguko miwili. Katika wa kwanza, lowesha tu kiungo chote kwa tabaka jembamba linaloingia kati ya mdomo na bomba. Katika wa pili, jenga bonde laini la kuzunguka kona, ukiweka tone, ukiliacha ligande kidogo, ukiweka jingine juu ya nusu ya lililotangulia, kama magamba ya samaki. Ukiona moshi mweupe na unga mweupe kando ya bonde, zinki inachemka kutoka kwenye shaba: ondoa moto, subiri, punguza. Joto lililozidi huifanya shaba ipenye ndani ya chembechembe za chuma na kukidhoofisha. Ukimaliza, acha kiungo kipoe chenyewe. Maji yasikaribie, kwa sababu kromoli inayopozwa ghafla hugeuka ngumu na kuvunjika kirahisi.

Lehemu angalau viungo ishirini vya mazoezi na uvipasue kwa msumeno katikati uone ndani. Ukikuta mstari wa dhahabu usiokatika kati ya mabomba, umefika.

Mpangilio na unyoofu

Kiungo kinapopoa hujikaza na kulivuta bomba upande uliopashwa mwisho. Kwa hiyo kila kiungo kwanza kishike kwa madoa mawili ya shaba yanayotazamana, kipime, kisha ndipo ukizungushe, ukipishana pande.

Mimi hufuata utaratibu huu. Kwanza bomba la kiti na kasha la pedeli, likiwa mraba kamili kwa skwea. Kosa la nusu nyuzi hapa litafuata fremu yote. Kisha shingo na bomba la chini, nikipima pembe dhidi ya mchoro. Vipande hivyo viwili navilaza juu ya ubao, navifunga kwa kabari za mbao na chuma cha pembe, nalehemu bomba la chini kwenye kasha, na mwisho nakata bomba la juu liingie katika nafasi iliyobaki. Anayelikata bomba la juu mapema kwa kufuata mchoro tu mara nyingi hulikuta limepungua.

Kwa kuangalia kama shingo na bomba la kiti viko katika bapa moja, ingiza fimbo ndefu iliyonyooka ndani ya kila kimoja, simama mita tatu mbele, ufumbe jicho moja. Fimbo zikifunikana kwa urefu wote, sawa. Zikikatana kama mkasi, pasha kiungo cha bomba la juu na urekebishe sasa, kwa sababu pembetatu ikishakamilika haitapinda tena kwa hiari.

Sehemu ya nyuma hujengwa kuzunguka gurudumu lenyewe. Vishika ekseli huwekwa kwenye ncha za jozi ya chini ya mabomba membamba, nafasi kati yake ikiwa, kwa habu za mtindo wa zamani, milimita 135 kwa ya baiskeli ya mlima au 130 kwa ya barabara. Funga ekseli ya uongo, yaani fimbo ya hesi yenye nati nne, ili nafasi isibadilike chini ya moto. Hakikisha tairi na madigadi vina angalau milimita 6 kila upande karibu na kasha; ikibidi, bonyeza mabomba kwa ubao mgumu wa mviringo kwenye jiliwa kabla ya kulehemu, kamwe si baada yake. Jozi ya juu huja mwisho, gurudumu likiwa limefungwa na limesimama katikati.

Kipimo cha nyuma hakihitaji mashine. Funga uzi kwenye kishika ekseli cha kushoto, uupitishe mbele ya shingo, uurudishe hadi kishika ekseli cha kulia, uukaze. Pima kutoka uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Tofauti ya milimita moja si tatizo. Ikiwa ni tatu, upande mmoja uvutwe kwa mkono taratibu, kidogo kidogo, ukipima kila mara. Kisha geuza gurudumu, la kushoto liwe kulia, ulifunge tena: likikaa katikati ya mabomba mara zote mbili, kasoro haimo kwenye gurudumu wala fremu.

Vipande vidogo, yaani vya breki, keria, madigadi na njia za waya, vilehemu baada ya hapo. Hapa lehemu ya fedha inafaa zaidi, kwa kuwa joto lake dogo halisumbui ukuta mwembamba wa bomba. Usinunue lehemu ya fedha yenye kadimiamu. Mafusho yake huua.

Baada ya moto

Fluksi ya shaba ikipoa huwa kioo kigumu. Ifunike fremu kwa matambara na uimiminie maji ya moto mara kwa mara, au uiloweke usiku kucha, kisha isugue kwa brashi ya waya. Fluksi isipotolewa yote, rangi itabanduka na kutu itaanzia hapo, na kioo chake kinaweza kuficha kitundu ambacho ulipaswa kukiona.

Kishawishi kikubwa ni kupiga tupa viungo mpaka viwe laini kama vya dukani. Tumia utepe wa msasa unaovutwa kwa mikono miwili kama mtu anayesugua kiatu, na ukome unapokaribia chuma cha bomba. Kila alama ya tupa kwenye ukuta wa milimita 0.9 ni mahali ufa utakapoanzia. Viungo vyangu vina mawimbi yanayoonekana, na ningependa vibaki hivyo.

Kasha la pedeli lisafishwe hesi, na shingo isawazishwe juu, chini na ndani, kwa zana maalumu. Joto huzipinda kidogo sehemu hizi hata mikononi mwa mzoefu. Zana hizo ni ghali kwa anayejenga fremu moja kwa mwaka, kwa hiyo ipeleke kwa fundi wa baiskeli au mkereza vyuma anayezo. Ndani ya mabomba mimina mafuta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya kupumulia, ukiizungusha fremu mpaka yafike kila kona. Kwa rangi, praima ya chuma na tabaka mbili za rangi ya gari zinatosha.

Kabla ya rangi, hata hivyo, ifunge baiskeli yote na uipande ikiwa chuma kitupu kwa wiki mbili au tatu. Anza bila mzigo, kwenye lami, ukisimama juu ya pedeli na kubana breki kwa nguvu, kisha ongeza mzigo na barabara mbaya. Kila jioni ifute kwa kitambaa cheupe na upitishe kurunzi polepole kuzunguka viungo, hasa chini ya shingo na nyuma ya kasha la pedeli. Nyuzi za kitambaa zikinasa mahali, au mstari wa kutu ukitokea palipokuwa safi jana, pang'arishe kwa msasa na uangalie kwa kioo cha kukuzia kabla ya kuipanda tena. Ukaguzi huohuo mimi huurudia kila mwezi hata sasa, rangi ikiwa imekwisha kupakwa, siku ninayopaka cheni mafuta.